Bonde Waliloachiwa Maskini: Ardhi, Taka na Mafuriko ya Msimbazi

Kila mvua kubwa inaponyesha Dar es Salaam, barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na kabla maji hayajapungua lawama huwa zimeshapata pa kutua. Wakazi wa bonde la Msimbazi huitwa wabishi: walionywa, wakapewa muda, wengine wakapewa hata viwanja, lakini wameng'ang'ania mtoni. Maelezo hayo yamerudiwa mara nyingi mno, kiasi kwamba wakazi wengi wa mjini huyachukua kuwa ukweli usiohitaji ushahidi. Historia ya bonde lenyewe inasema jambo jingine. Watu hawakujikuta Mkwajuni, Suna, Kigogo na Vingunguti kwa kutojua kwamba mto hufurika. Walifika huko kwa sababu kwa zaidi ya miaka 100 ardhi kavu ya mji huu imegawanywa kwa karatasi ambazo wengi wao hapo awali hawakuruhusiwa kuzipata, na baadaye hawakuweza. Mabonde yaliyobaki nje ya karatasi hizo yakafanywa mahali pa kuweka kila kitu ambacho mji haukutaka kukaa nacho, taka na maskini kwa pamoja. Ninachodai ni kwamba mafuriko ya Msimbazi ni suala la haki ya ardhi kabla hayajawa suala la mvua.

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, kisha hushuka kwa mwendo wa kilomita zipatazo 35 kupitia Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, hadi kuingia baharini kwenye Daraja la Selander. Njiani unapokea vijito kadhaa, vikiwamo Ng'ombe na Luhanga, vinavyoleta maji ya sehemu kubwa ya Kinondoni na Ubungo. Sehemu yake ya chini ni tambarare, karibu sawa na usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanayoshuka kwa kasi kutoka juu yakikutana na bahari iliyojaa hayana pa kwenda ila kutanda. Wakulima waliotangulia mji waliujua mwenendo huo: walilima bondeni na kulala mlimani. Ule ulikuwa mgawanyo wa ardhi uliozingatia tabia ya mto, na ungeweza kudumu kama wenyeji na wageni waliomiminika baadaye wangeachiwa mahali pa kulala huko juu.

Mji ulioanzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860 uligeuka makao makuu ya koloni la Wajerumani mwaka 1891, na mwaka huohuo ikatoka kanuni ya ujenzi iliyotenga upande wa mashariki, ule wa bahari na upepo, kwa ajili ya nyumba za mtindo wa Kizungu. Miaka minne baadaye, amri ya Kaisari ya Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe anayeweza kuthibitisha umiliki ni mali ya dola. Mzigo wa kuthibitisha ukawekwa kwa wenyeji, ambao umiliki wao ulikuwa katika kumbukumbu za ukoo, miembe na minazi. Waafrika wa mjini wakasukumwa magharibi, kwenye shamba la mlowezi Schoeller, wakijenga nyumba zao juu ya ardhi waliyoilipia kodi. Serikali ya Kijerumani ililinunua shamba hilo mwaka 1914 ili kupanga mtaa wa Waafrika, na Waingereza walipoingia mwaka 1916 waliukuta mpango huo na kuuendeleza. Hiyo ndiyo asili ya Kariakoo. Mwaka 1924 mji uligawanywa rasmi katika kanda tatu kwa kigezo cha aina ya nyumba, na kati ya Kariakoo na mitaa ya biashara ukaachwa uwanja mpana wa Mnazi Mmoja ili kuwatenga watu kwa jina la afya. Wenye nyumba za Kariakoo walikuwa wapangaji wa serikali kwenye viwanja vyao, wakilipa kodi ya ardhi kila mwaka, wakati ng'ambo ya Mnazi Mmoja hati za miaka mingi zilitolewa kwa Wazungu na wafanyabiashara wa Kihindi.

Sheria iliyoupa mgawanyo huo mizizi ni ile ya ardhi ya mwaka 1923. Iliweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana, ikatambua haki ya kutumia ardhi badala ya umilikaji kamili, na marekebisho ya mwaka 1928 yakaeleza kwamba Mwafrika anayekaa kwa mila naye anahesabiwa kuwa na haki hiyo. Kwa macho ya haraka huo ni ulinzi, na vijijini ulisaidia kwa kiasi fulani. Mjini uligeuka mtego. Mpaka wa mji ulipopanuliwa na kulifikia shamba la Mzaramo huko Kigogo, Mabibo au Buguruni, haikueleweka kama haki yake ya mila ilivuka mpaka pamoja naye au ilifia pale. Mahakama zenyewe, hadi miaka ya 1980 na 1990, zilitoa hukumu zisizolingana: nyingine zikishikilia kwamba haki ya mila haiondoki bila fidia, nyingine zikimhesabu aliyeishi pale tangu babu yake kuwa mtu asiye na haki kwa kuwa eneo limetangazwa la mipango miji. Familia ya namna hiyo ilikuwa na njia moja tu ya busara, nayo ni kuuza vipande mapema kabla serikali haijachukua chote. Sehemu kubwa ya makazi yanayoitwa holela ilianzia kwenye mauzo hayo, yaliyofanywa na watu waliokuwa na haki yao kwa watu waliotoa fedha zao.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, nalo ni zito. Wakoloni waliondoka mwaka 1961. Je, ni halali kuendelea kuwatwisha dhambi za bonde ambalo kwa sehemu kubwa lilijazwa baada ya wao kuondoka? Sensa ya mwaka 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao 273,000. Ile ya 1978 ikakuta 843,000, ya 2002 karibu milioni 2.5, na ya 2022 zaidi ya milioni 5.3. Wimbi hilo ni la Uhuru, na maamuzi yaliyolipokea ni ya serikali ya Uhuru. Nakubali. Ndiyo maana hoja yangu haisimami kwenye ukoloni peke yake. Serikali huru ilifuta umilikaji wa kudumu mwaka 1963, ikaweka ardhi yote mikononi mwa umma, hatua ambayo ingeweza kuwa msingi wa haki kubwa kuliko nchi nyingi za Afrika zilivyopata. Lakini mamlaka ya Gavana yalihamia kwa Rais yakiwa mazima, na mlango wa kupata kiwanja ukabaki uleule: maombi, kamati, upimaji, na kusubiri. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilianza kwa kubomoa nyumba za udongo huko Magomeni na Buguruni na kujenga za matofali mahali pake. Kazi hiyo ilikuwa na nia njema, lakini ilibadilisha nyumba kwa nyumba bila kuongeza za kutosha, na ikaachwa mwishoni mwa muongo uleule.

Kisha ukaja wakati ambao, kwa maoni yangu, haujapewa heshima yake. Mwaka 1972 serikali iliamua kwamba makazi yasiyopimwa hayatabomolewa tena bali yataboreshwa, na kwamba viwanja vyenye huduma vitapimwa kwa wingi. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia mwaka 1974 vikapimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaingizwa barabara, maji na mifereji bila kuwafukuza watu wake. Ulikuwa ushahidi kwamba jambo linawezekana. Hata hivyo, viwanja vingi vya Sinza viliishia kwa watumishi na watu wa kipato cha kati, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za nje zilipokatika, mpango wote ukasimama. Mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi ikatungwa, na jibu kwa ongezeko la watu likawa kuwakamata wasio na ajira na kuwarudisha vijijini. Mji uliokuwa ukiongezeka kwa makumi ya maelfu ya watu kila mwaka ulikuwa ukitoa viwanja kwa mamia. Mpango Kabambe wa jiji wa mwaka 1979 uliyachora mabonde ya mito kuwa maeneo ya wazi yasiyojengwa. Uchoraji ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni ukurasa mwingine wa ramani ileile, wenye mahali ambapo mchukuzi wa Kariakoo, muuza samaki wa Feri na kibarua wa kiwanda cha Urafiki wangeweza kujenga badala yake.

Waliokosa kiwanja hawakuingia bondeni usiku kwa siri. Mauzo yalifanyika mchana, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na baadaye mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yakaandikwa kwenye hati ya mauziano, yakagongwa muhuri, na ofisi ikachukua asilimia yake. Umeme ukafika, namba za nyumba zikabandikwa, kodi ya majengo ikadaiwa na kulipwa, shule ikajengwa karibu, vituo vya kupigia kura vikafunguliwa. Hananasif, ambayo sehemu yake ya chini inaangalia Msimbazi, iliingizwa katika miaka ya 1990 kwenye mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, ambapo wakazi wenyewe walichimba na kujenga mifereji ya mvua na njia za mtaa kwa ujira na kwa kujitolea. Dola iliyofanya mambo hayo yote ilikuwa inatambua kwa mikono yake watu ambao kwa midomo yake iliwaita wavamizi. Sisemi kwamba muhuri wa mwenyekiti ni sawa na hati miliki. Nasema mtu aliyenunua kwa utaratibu pekee uliokuwapo mbele yake, akatozwa na kuhudumiwa kwa miaka 30, hawezi kuhesabiwa siku ya mafuriko kuwa mtu aliyeiba ardhi.

Kama mtu bado anadhani kwamba bonde lilikuwa eneo lililohifadhiwa ambalo maskini walilichafua, afuatilie safari ya dampo. Kwa miaka mingi taka za jiji zilimwagwa Tabata, kandokando ya bonde la Msimbazi, zikiungua mchana na usiku. Mwaka 1988, mara tu Haki za Msingi zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 zilipoanza kudaiwa mahakamani, wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji. Mahakama Kuu iliamuru dampo lifungwe. Jiji liliporudi kuomba liongezewe muda, Jaji Lugakingira alilikatalia kwa maneno makali, akishangaa kwamba chombo cha umma kinaweza kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu, na akaitegemea haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14. Ni moja ya hukumu za mwanzo kabisa za haki ya mazingira katika Afrika Mashariki, na inastahili kufundishwa katika kila shule ya sheria. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakaonyesha kwamba Mpango Kabambe ulilitenga eneo lao kwa makazi, wakashinda.

Taka zikaenda Vingunguti. Zikarudi, yaani, kwenye bonde lilelile la Msimbazi, safari hii katikati ya makazi yasiyopimwa, na zikakaa huko kwa takriban miaka kumi. Hapo palikuwa tayari pana mabwawa ya majitaka yanayopokea uchafu unaonyonywa na magari kutoka vyooni mwa jiji zima, na machinjio ambayo damu na mavi ya ng'ombe yaliishia mtoni, huku viwanda vya ukanda wa barabara ya Pugu vikitiririsha maji yao kuelekea bonde hilohilo. Baadaye dampo lilipita Mtoni na Kigogo kabla ya kufika Pugu Kinyamwezi. Mfuatano huo ni ushahidi wa wazi kuliko takwimu yoyote. Kunduchi Mtongani palikuwa na ramani ya kutetea makazi, na dampo likaondolewa. Wakazi wa Vingunguti, ambao kwa ramani ya jiji hawakuwapo, walipumua moshi uleule bila karatasi ya kuweka mbele ya jaji. Haki ya kuishi ni ya kila mtu katika Katiba, lakini kuidai mahakamani kulihitaji kwanza kuthibitisha kwamba unaishi mahali panapotambuliwa. Hivyo ndivyo haki ya ardhi inavyoamua nani atavuta hewa gani na nani atakunywa maji gani, na ndiyo maana siwezi kuyatenganisha mambo haya mawili kama wizara zetu zinavyoyatenganisha.

Sheria mpya zilipokuja, zilikuja na ahadi na mtego kwa wakati mmoja. Tume ya Rais ya Masuala ya Ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kuanzia mwaka 1991, ilizunguka nchi nzima ikisikiliza malalamiko, na ikapendekeza mamlaka ya juu ya ardhi yaondolewe mikononi mwa serikali kuu. Pendekezo hilo lilikataliwa. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilikubali hata hivyo kwamba makazi yasiyopimwa yaboreshwe na haki za wakazi zirekodiwe, isipokuwa katika maeneo ya hatari. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaitaja ardhi hatarishi kuwa pamoja na ile iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikapiga marufuku shughuli za kudumu ndani ya mita hizohizo 60. Mwaka uleule wa 2004 Dar es Salaam ilianza zoezi kubwa la leseni za makazi, ambalo liliwapa maelfu ya wenye nyumba wa makazi holela utambuzi wa kwanza wa kisheria katika maisha yao. Kwa masharti ya sheria leseni hizo hutolewa kwenye ardhi isiyo hatarishi tu. Waliokuwa na hatari ndogo wakapanda ngazi moja. Waliokuwa na hatari kubwa, na ambao kwa hiyo walihitaji zaidi njia ya kisheria ya kuondoka na kitu mkononi, wakabaki bila chochote, na sasa wakiwa na sheria mbili dhidi yao zilizotungwa baada ya nyumba zao kujengwa.

Wanaotetea bomoabomoa husahau kwamba sheria hiyohiyo ya mwaka 1999 ina upande wa pili. Miongoni mwa misingi yake ya mwanzo kabisa ni kwamba fidia kamili, ya haki na ya haraka italipwa kwa mtu anayeondolewa, akiwamo mwenye ukaaji wa muda mrefu unaotambuliwa. Utaratibu wa kutangaza ardhi hatarishi nao unamtaka Waziri atoe taarifa na wenye maslahi wasikilizwe kabla ya tangazo kuchapishwa. Mita 60 zimekuwa zikinukuliwa mbele ya watu wa bondeni peke yake, bila vifungu vinavyozitangulia na kuzifuata. Zingekuwa zinanukuliwa kwa haki, zingesomwa pia ufukweni, kwa kuwa sheria haitofautishi ukingo wa mto na ufuko wa bahari, na ufuko wa kaskazini ya jiji umejaa hoteli na majumba yaliyosogea hadi kwenye mchanga yakiwa na hati na vibali. Na zingesomwa mbele ya serikali yenyewe, ambayo iliweka karakana ya mabasi ya mwendokasi katikati ya uwanda wa mafuriko wa Jangwani. Mabasi yalianza kazi mwaka 2016, na tangu hapo maji yameifikia karakana mara kwa mara na kuharibu magari ya mamilioni. Hakuna aliyechora kwenye ukuta wake alama nyekundu ya X, ile ya nyumba za kubomolewa.

Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyofanya suala hili lisiweze kuahirishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya kiwango hicho haikuwa imenyesha Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Watu wasiopungua 40 walikufa, na maelfu walilala kwenye madarasa ya shule. Serikali iliwahamishia waathirika Mabwepande, kaskazini-magharibi ya jiji, kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya mji, kwanza kwenye mahema na kisha kwenye viwanja. Baadhi walibaki na kujenga. Wengine waliuza au kufunga viwanja vyao na kurudi bondeni, na kurudi kwao ndiko kulikogeuka hoja kuu ya wanaosema kwamba watu hawa hawasaidiki. Hoja hiyo inapaswa kujibiwa, kwa sababu kurudi ni jambo la kweli. Tuangalie nyumba yenyewe iliyoachwa. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Kigogo ina vyumba sita au zaidi. Mwenye nyumba analala kwenye kimoja na kupangisha vilivyobaki, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo pensheni yake. Kutoka hapo anakwenda Kariakoo kwa miguu. Kule Mabwepande alipewa ardhi tupu isiyo na mpangaji, isiyo na soko, mbali kiasi kwamba nauli ya kwenda na kurudi mjini ingemeza faida ya siku nzima ya mama wa genge. Na wapangaji, ambao ndio wengi katika bonde lolote, hawakuwa na nyumba ya kuthibitisha, kwa hiyo walihamia chumba kingine cha bei ileile, ambacho kwa kawaida kilikuwa kwenye bonde lilelile. Walirudi kwenye riziki. Uhamisho unaompa mtu usalama wa paa na kumnyima chakula hauwezi kudumu, hata ungefanywa na serikali yenye huruma kiasi gani.

Jibu lililofuata lilikuwa la nguvu. Desemba 2015, wiki chache baada ya serikali ya awamu ya tano kuingia madarakani, matingatinga yalishuka Bonde la Mkwajuni na sehemu nyingine za Kinondoni na Ilala, yakibomoa nyumba zilizowekwa X, bila fidia, hadi kesi iliyofunguliwa Mahakama Kuu ilipopunguza kasi hiyo mwanzoni mwa mwaka 2016. Familia zilijenga mabanda ya mabati na maturubai juu ya vifusi vyao. Miaka iliyofuata mafuriko yakarudi, na watu walikuwa bado wapo bondeni, sasa katika nyumba dhaifu zaidi kuliko zile zilizobomolewa. Kwa kipimo cha usalama pekee, ambacho ndicho wabomoaji walikitumia, zoezi lile lilishindwa.

Wapo watakaosema kwamba kumpa haki mtu wa bondeni ni kumwalika afe maji. Wana hofu ya kweli, na mimi sitetei mtu yeyote aendelee kulala kwenye njia ya mto. Ila wanachanganya haki ya kukaa na haki ya kutopoteza kila kitu unapoondoka. Mwenye hati anayeondolewa kwa ajili ya barabara hulipwa na kutafuta kwingine, na hakuna anayedai kwamba fidia yake inamzuia kuhama. Fidia ndiyo inayomhamisha. Asiye na hati, ambaye akiondoka anapoteza akiba ya maisha yake yote, ana kila sababu ya kuvumilia maji ya wiki mbili kwa mwaka ili asivumilie umaskini wa miezi kumi na miwili.

Kuna pia wanaoelekeza kidole kwenye taka: wakazi wenyewe wamejaza mto, hutapisha vyoo mvua inaponyesha, kwa hiyo mafuriko ni mavuno yao. Vyoo hutapishwa kweli, na kipindupindu kilichoanza Kinondoni mwaka 2015 hakikutokea hewani. Lakini gari la taka haliingii kwenye kichochoro cha mita moja, na gari la kunyonya majitaka haliingii pia. Huduma zote mbili hufuata barabara, na barabara hufuata upimaji. Mchanga unaoinua kitanda cha mto na kupunguza kina chake unatoka juu, kwenye vilima vya Pugu vilivyokatwa miti, kwenye machimbo ya mchanga wa kujengea nyumba za mji mzima, na kwenye mitaa mipya iliyosakafiwa ambako mvua haizami tena ardhini. Kila paa na kila ua wenye vigae kuanzia Kimara hadi Ukonga hutuma maji yake bondeni. Faida ya ujenzi huo imetawanyika kwa wengi, na maji yake yamekusanyika kwa wachache.

Tangu Septemba 2022 kuna mradi mkubwa wa bonde hili, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 pamoja na fedha za Uholanzi na Hispania: kuuchimba na kuupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kuihamisha karakana ya mabasi, kuigeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji, na kuwahamisha wakazi kwa malipo. Katika mradi huu wenye nyumba wasio na hati wameorodheshwa na kulipwa, na hilo peke yake linaonyesha kwamba kile walichoambiwa watu wa Mkwajuni mwaka 2015, kwamba hakuna njia ya kisheria ya kuwafidia, hakikuwa kweli. Malalamiko juu ya kiwango kilichotolewa kwa ardhi yamekuwa makubwa, na nayaona kuwa ya haki, kwa kuwa mtu hununua kwingine kwa bei ya soko la leo. Bustani itapandisha thamani ya viwanja vya Upanga, Kinondoni na Magomeni, na wanaoondoka hawatakuwa miongoni mwa watakaonufaika na thamani hiyo.

Swali ninaloliona kubwa zaidi ni wanakokwenda. Malipo yao hayatoshi kiwanja kilichopimwa ndani ya mji. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza katika mwaka wa fedha wa 2002/2003 ulikwishaonyesha kwamba upimaji unaolipiwa papo hapo huwafikia wenye mishahara na kuwaondoa wakulima waliokuwa kwenye ardhi hiyo. Kwa hiyo wanaelekea Kivule, Msongola na Chanika, kwenye ardhi isiyopimwa inayoteremkia mito ya Mzinga na Kizinga, ambako vipande vya juu vina bei na vipande vya chini vina nafuu. Mto Kizinga ni chanzo cha maji ya mtambo wa Mtoni, hivyo uchafu utakaoingia humo utanywewa na Temeke. Huko mihuri ya serikali za mitaa inagongwa leo kwenye hati za mauziano zilezile. Halmashauri zina wapima, zina picha za anga na zina sheria ya kuzuia. Kinachotakiwa ni kuweka alama za mto kabla ya mnunuzi wa kwanza, na kupima viwanja vya juu kwa ukubwa mdogo na malipo ya awamu, ili mwenye milioni chache apate chaguo lingine zaidi ya mteremko wa mwisho.